Bendi ya Watu Wawili

Katika toleo lililopita la jarida letu, mama mmoja wa hapa Bellevue aliandika barua kulalamikia muziki wa harusi ya binti yake. Alisema familia iliagiza bendi ya jazi, wakaletewa watu wawili, na ndiyo maana nusu ya malipo bado iko kwenye mkoba wake. Mimi nilikuwepo harusini, pilau yake nilikula na nikaongeza, na kwa heshima zote kwa mama yetu naomba nafasi hii niseme nilichosikia. Wapigaji wenyewe wameniomba nisiwataje majina mpaka suala la fedha liishe, kwa hiyo nitawaita Mpulizaji na Mcharazaji.

Mpulizaji ni mtoto wa mji huu na chombo chake ni saksafoni. Mcharazaji ametoka Lubumbashi na gitaa lake, gitaa kavu la mbao ambalo amelifungia waya liingie kwenye spika. Ijumaa utawakuta kwenye baa za Rockey Street, barabara ile ile ambayo ukiingia Yeoville inabadili jina na kuitwa Raleigh. Tamasha likitokea wanaitwa. Lakini kodi ya nyumba, wanasema wenyewe, inatoka harusini.

Ugomvi huu, kwa maoni yangu, unaanzia kwenye neno. Sisi tuliolelewa na redio ya Dar es Salaam tunajua jazi ni jina la bendi: Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 hakuna aliyeuliza kama watu wa New Orleans wangeutambua muziki ule. Jazi ilikuwa safu ya magitaa, tarumbeta nyuma, waimbaji mbele wamevaa sare. Kwa hiyo mama akisema ameagiza jazi, kichwani mwake wamesimama watu kumi na zaidi, na simlaumu. Hapa Johannesburg neno hilo limepita njia nyingine. Limepita kwenye marabi iliyopigwa kwa vinanda katika vilabu vya pombe vya mitaa ya Waafrika, likapita Sophiatown, likafika kwa kina Kippie Moeketsi na wenzake wa Jazz Epistles waliotoa santuri yao mwaka 1960. Huku jazi ni namna ya kupiga. Idadi ya wapigaji ni habari nyingine.

Sasa tuje ukumbini. Sehemu ya kwanza ya usiku ule haikuwa nzuri, na hapo niko upande wa mama. Tatizo langu tu ni kwamba yeye anawalaumu kwa kuwa wawili, mimi nawalaumu kwa kuwa watatu. Wa tatu ni mashine ya ngoma, kisanduku kilichowekwa juu ya kiti, kinachopiga mdundo mmoja kuanzia mwanzo wa wimbo mpaka mwisho bila kupumua. Walianza na "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim. Wimbo ule, kama ulivyorekodiwa Cape Town mwaka 1974, unajaza upande mzima wa santuri, na uzuri wake wote uko katika kutokuwa na haraka. Unakwenda kama mtu anayetoka kazini Ijumaa na mshahara mfukoni. Mashine haina mshahara wala Ijumaa. Ikawakimbiza, wakaumaliza kwa dakika nne.

Ikafuata "Malaika". Hapa nina neno langu la pembeni, maana nimelishika miaka mingi. Sijui ni nani alituzoesha kupiga "Malaika" harusini. Ni wimbo wa kijana anayeshindwa kuoa kwa sababu hana mali! Unaimbwa mbele ya wazee waliomaliza kujadiliana mahari jana yake, na watu wanapiga vigelegele. Lakini kwa mji huu wimbo una haki yake ya pekee, kwa kuwa Miriam Makeba, binti wa Johannesburg, ndiye aliyeusambaza kwa dunia, na mwaka 1965 aliurekodi pamoja na Harry Belafonte katika santuri yao ya pamoja. Waimbaji wawili wakubwa, na hakuna anayemfunika mwenzake. Mpulizaji angeisikiliza santuri ile. Yeye aliupamba wimbo kwa manyoya mengi mno, kila mahali Mcharazaji alipoacha nafasi yeye akaijaza, mpaka wimbo wa masikitiko ukawa wa gwaride. Watu walicheza, ndiyo. Watu wa harusini watacheza hata kengele ya shule.

Kisha umeme ukakatika.

Waliokaa Johannesburg hawahitaji kuelezwa. Ukumbi ulizama gizani, watoto wakapiga kelele, simu zikawashwa kutoa mwanga, bwana mmoja wa kamati akakimbilia jenereta ambayo ilikataa kuwaka. Kisanduku kilinyamaza. Nilikuwa nimekaa karibu na jukwaa, nikamsikia Mcharazaji akimwambia mzee mmoja kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, "Papa, moto imeisha, lakini mikono iko." Akavuta kiti mpaka katikati ya ukumbi, akaanza.

Wengi wetu tumewahi kusikia majina ya wacharazaji wa Katanga bila kujua uhusiano wao na mji huu. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na nyimbo zake, "Masanga" ikiwemo, zilitolewa kwa nembo ya Gallotone, kampuni ya hapa hapa Johannesburg. Upigaji ule unatumia vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linashika besi, kidole kinazungumza juu yake, na usipoona kwa macho utaapa wamekaa watu wawili. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa na gitaa lake na mtu wa kukwangua chupa ya Fanta, na kwa vyombo hivyo viwili vijiji vilicheza. Bendi ya watu wawili, tukumbuke, haikuletwa kwetu na ugumu wa maisha ya ughaibuni.

Huo ndio upigaji tulioupata gizani. Na jambo nililolipenda kuliko yote ni kwamba Mpulizaji alinyamaza. Alisubiri muda mrefu, saksafoni imelala kifuani, anasikiliza tu. Alipoingia aliingia kwa sauti ya chini, noti tatu, akanyamaza tena, gitaa likamjibu. Wakaenda hivyo labda dakika ishirini. Bibi harusi aliinuka na kucheza na baba yake polepole, bila MC kutangaza chochote. Bibi mmoja wa kutoka Mombasa alikuja kutunza. Mnajua kwetu mtu anatunza maneno, ukiguswa na ubeti wa taarabu unainuka na noti yako. Hapa hapakuwa na maneno hata moja, na bado aliinuka, akaitumbukiza noti kwenye tundu la gitaa.

Nilipofika nyumbani niliitafuta santuri ambayo sikuwa nimeisikiliza kwa muda, "Good News from Africa", iliyorekodiwa Ujerumani mwaka 1973 na Abdullah Ibrahim na Johnny Dyani. Mmoja kinanda, mmoja besi, pamoja na filimbi, kengele na sauti zao wenyewe. Hakuna mpiga ngoma. Walikuwa watu wa Afrika Kusini walio mbali na kwao. Dyani aliondoka mwaka 1964 na kundi la Blue Notes, na alifia Berlin mwaka 1986. Ndani ya santuri hiyo wanaimba kwa Kixhosa, na kuna mahali wanaadhini. Mwaka 1979 wakatoa nyingine, "Echoes from Africa", na kipande chake cha mwisho kinaitwa "Zikr". Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji mkalimani hapo. Siwalinganishi vijana wetu wa Rockey Street na mabingwa wale, wasije wakavimba vichwa. Nasema tu kwamba ninaposikiliza Dyani akikaa kimya ili kinanda kimalize sentensi yake, naelewa nilichosikia harusini kabla umeme haujarudi.

Maana ulirudi. Taa ziliwaka, watu wakashangilia, na bila hata kutazamana vijana wale wakarudi kwenye kisanduku chao na "Pata Pata" ya mwendo wa treni. Niliudhika kweli. Baadaye nje ya ukumbi nilimuuliza Mpulizaji kwa nini. Akanijibu bila kuficha: wakipiga wawili peke yao mwenye harusi anahisi ameibiwa, wakiweka mashine anahisi amepata bendi. Zamani, alisema, walipiga harusi mbili bila mashine, na zote mbili walikatwa malipo.

Kwa hiyo mama, kosa lao nimelitaja, lakini wamelitenda kwa kutuogopa sisi. Tunataka kelele za watu kumi kwa bei ya watu wawili, halafu tunapoletewa kelele za mashine tunauliza bendi iko wapi. Bendi kamili ya dansi ingehitaji basi dogo, chakula cha watu kumi na mbili na spika ambazo ukumbi ule wa Bellevue usingezibeba. Kamati ilijua hivyo ilipowachagua hawa. Mpulizaji bado anajaza nafasi zisizo zake, na Mcharazaji asiimbe, sauti yake haifiki. Hayo nimewaambia. Lakini dakika zile ishirini binti yako alicheza na baba yake, na nilikuona wewe mwenyewe mama umesimama karibu na mlango wa jiko, umejifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nusu iliyobaki walipwe. Ijumaa hii wanapiga tena Rockey Street. Mcharazaji ameniahidi kwamba seti ya kwanza wataipiga bila kisanduku, kama wateja wataruhusu, na mimi nitakaa meza ya mbele.