Ufunguo Uliofichwa Vizuri Mno

Kila nikisoma maelekezo ya kutunza ufunguo wa siri wa sarafu za kidijitali, nakuta adui ni mmoja tu: mwizi. Usiupige picha, usijitumie kwa barua pepe, uandike kwenye karatasi na uifiche. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Adui wa pili ni mwenye mali mwenyewe.

Chukua kisa cha Stefan Thomas, mtengeneza programu wa San Francisco. Funguo za bitcoin zake 7,002 zimo ndani ya IronKey, flashi yenye kufuli la nywila. Inakupa nafasi 10. Ukikosea zote, vilivyomo havisomeki tena. Nywila aliiandika kwenye karatasi, karatasi ikapotea. Habari zake zilipoenea Januari 2021, alikuwa ameshakosea mara 8. Na kifaa hakikuharibika hata kidogo! Kilifanya kazi yake barabara, ila hakijui kumtofautisha mwizi na mwenyewe aliyesahau.

Basi uwaachie wengine wakutunzie? Ni rahisi, ndiyo. Waliowaachia Mt. Gox ya Tokyo walifanya hivyo, mpaka ilipofilisika mwaka 2014.

Hapo ndipo tunaambiwa tuchague, usalama au urahisi. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha namna ya kugawa siri vipande 3, ambapo vyovyote 2 vinatosha kuirudisha. Kumbuka hesabu za sekondari: nukta 2 zinatosha kuchora mstari mnyoofu. Siri yako ni pale mstari unapokata mhimili wa wima. Ukiwa na nukta moja tu, mistari isiyo na idadi inapita hapo, kwa hiyo hujui chochote. Kipande kimoja kwako, kimoja kwa dada yako, kimoja kazini. Nyumba ikiungua, bado viko 2.

Dosari ipo: siku ya kuunganisha, siri nzima inakaa kwenye kifaa kimoja, na kifaa hicho kikiwa na kirusi, umekwisha.

Hata hivyo, pochi nyingi bado zinakupa maneno 12 au 24 uyaandike kwenye karatasi moja. Wengine huikata katikati wakidhani wamefanya alichosema Shamir. Hapana. Nusu moja ikipotea, zote zimepotea, na atakayeiokota nyingine ameshapunguziwa kazi ya kukisia.