WAGERMANI KATIKA GEMU YA ROMA: NANI ANASIMULIA?

Mchezo wa kompyuta uitwao Rome: Total War ulitoka mwaka 2004, na tangu 2018 unachezwa hata kwenye simu za Android. Wapo watakaouliza: hivi gemu inatafuta nini katika jarida la uhakiki wa fasihi? Jibu ni jepesi. Gemu hii ina wahusika, ina mandhari, ina migogoro na miisho yake. Zaidi ya yote ina msimulizi, na palipo na msimulizi mhakiki ana kazi. Nitaitazama kwa upande mmoja tu, ule wa Wagermani, yaani makabila ya misituni ng'ambo ya mto Rhine yaliyopambana na dola ya Roma. Hoja yangu ni kwamba gemu inakuruhusu kuwa Mgermani, lakini haikuruhusu kuona kwa macho ya Mgermani.

Tuanze na fani. Ukiifungua gemu kwa mara ya kwanza huwezi kuwachagua Wagermani. Unawekewa koo tatu za Kirumi, basi. Wagermani wanafunguliwa baada ya wewe mwenyewe, ukiwa Mrumi, kuwaangamiza, au baada ya kushinda mchezo mzima. Hebu tulitafakari hilo. Ili uvae ngozi ya mshenzi, sharti kwanza uwe umemchuna!

Ukishawapata, mambo ni yale yale. Wagermani wamewekwa katika fungu la washenzi. Miji yao hukua ikafika mahali ikagota, na kuta zao ni za miti tu, wakati Mrumi anaendelea kupanda hadi kwenye majiji makubwa ya mawe. Kudumaa huko hakutokani na uzembe wa mchezaji, la hasha. Kumeandikwa ndani ya kanuni. Na ushindi wenyewe ni nini? Kutwaa majimbo 50, Roma ikiwemo. Kwa maneno mengine, Mgermani anashinda siku anapokuwa Mrumi.

Kwa upande wa wahusika, tazama kikosi cha wanawake wapiga mayowe. Wanaingia vitani na silaha, na makelele yao yanamvunja adui moyo. Wametoka wapi hawa? Mizizi yao iko kwa Tacitus, mwandishi wa Kirumi aliyeandika kitabu juu ya Wagermani mwaka 98 baada ya Kristo. Lakini kwa Tacitus wanawake hao wako karibu na uwanja wa vita wakiwapelekea wapiganaji chakula, wakiwahudumia majeruhi na kuwatia moyo wanaoanza kurudi nyuma. Gemu imechukua sauti yao ikaacha utu wao. Na Tacitus naye hakuwa Mgermani, kwa hiyo tunachopokea ni porojo ya kigeni iliyotiwa chumvi mara ya pili.

Haki isemwe, gemu ina uzuri wake. Kuficha jeshi msituni, kumwacha Mrumi apite na msururu wake, kisha kumvamia, si mchezo! Hapo ndipo mchezaji anapoonja kidogo kilichompata Varus mwaka 9, alipopoteza majeshi matatu mbele ya Arminius. Lakini Arminius wa historia hakwenda kuiteka Roma. Karibu mwaka 21 aliuawa na ndugu zake mwenyewe, akishutumiwa kwamba anautaka ufalme. Watu wake walikuwa na siasa yao, wakamkataa mtu mmoja mwenye amri juu ya wote. Gemu haina nafasi ya siasa hiyo. Inataka hazina moja, rangi moja ya bendera, na mkuu mmoja asiyeulizwa.

Likizo iliyopita nilikuwa nikiicheza nyumbani Misungwi, na vijana wa mtaani wakaja kutazama. Swali lao la kwanza: "Kaka, Wasukuma wamo humo?" Hawamo. Mmoja akasema, "Basi wangetuweka na sisi." Dai hilo ni la haki, nami naliheshimu, ila linahitaji kupimwa. Jina "Wasukuma" maana yake ni watu wa kaskazini. Ni jina la mwelekeo, walilopewa na jirani zao wa kusini, kama vile jina "Wagermani" lilivyoenezwa na kalamu za Warumi. Kabla ya ukoloni Usukuma haukuwa dola moja. Ulikuwa na watemi wengi, na mtemi aliwekwa na wazee waitwao banang'oma, ambao waliweza pia kumwondoa. Nasi pia tuliingia katika maandishi kwa kalamu ya mgeni. Speke alilifikia ziwa hapa Mwanza mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake. Mwaka 1883 wamisionari wa White Fathers walikuwa tayari wamefungua misheni Bukumbi, hapo hapo Misungwi.

Kejeli ya historia inazidi tukiutazama ukoloni wa Kijerumani. Mwaka 1875 Wajerumani walimaliza kumjengea Arminius sanamu kubwa karibu na Detmold, wakimsifu kama shujaa aliyemtimua mvamizi. Miaka 16 baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa kijeshi wa Zelewski ulivamiwa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, Iringa, na Zelewski mwenyewe akauawa. Siku hiyo Mjerumani ndiye aliyekuwa Varus, na Arminius alikuwa Mhehe. Lakini walioitwa washenzi walikuwa Wahehe. Ushenzi, kumbe, si sifa ya kabila lolote. Ni cheo anachokigawa mwenye kalamu, na katika zama zetu mwenye programu.

Watakaosema kwamba gemu ni burudani tu wanasahau kuwa kijana anaweza kukaa nayo saa nyingi kuliko anavyokaa na kitabu cha historia. Kasumba ya namna hii haihubiriwi, inachezwa. Kwa hiyo siku tutakapotunga gemu yetu, tusianze na ngao na manyoya ya Kisukuma juu ya kanuni zile zile za Kirumi. Tuanze na kanuni. Mchezaji awe mtemi, na akikusanya hazina yote mikononi mwake, banang'oma wakutane usiku wamwondoe. Atakasirika, bila shaka. Lakini atakuwa amejifunza jambo moja juu ya Usukuma ambalo majimbo 50 hayawezi kumfundisha.