Call of Duty na Battlefield: nani anajua kusimulia kifo?

Wandugu, turudilie ubishi wetu wa zamani: kati ya Call of Duty na Battlefield, nani anajua kusimulia? Siongelei uzuri wa picha, wala kucheza na marafiki kwa intaneti. Naongelea hadithi, ile sehemu wengi wenu munaruka ili mufike haraka kwenye risasi.

Mimi napima kwa kitu kimoja tu: mchezo unafanya nini na kifo cha yule askari unayemwongoza.

Chukua Call of Duty 4: Modern Warfare, ya 2007. Mwanzoni wewe ni rais aliyepinduliwa. Unabebwa ndani ya gari, unaweza paka kugeuza kichwa na kutazama mji unavyoungua, kisha unafungwa kwa nguzo na kupigwa risasi. Mbele zaidi unakuwa Jackson, askari wa Marekani. Bomu la nyuklia linalipuka, helikopta yake inaanguka. Unaamka, unasukuma maneti, mwili unakataa. Hatua chache, basi. Mara ya kwanza nilizani maneti ndiyo imekufa. Kumbe ni Jackson, na hakuna kuanza tena!

Pale walitupiga kweli. Lakini Modern Warfare 2, ya 2009, ikarudilia ujanja ule ule: Allen anauawa, Roach naye anauawa. Ukishajua mtego uko wapi, hauruki tena.

Battlefield 1, ya 2016, inaingia kwa mlango mwingine. Ni Vita ya Kwanza ya Dunia. Katika utangulizi, kila ukifa, jina linatokea kwenye ekrani, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Kisha unakuwa askari mwingine, hivyo hivyo. Ata ukiwa fundi wa kulenga, watakufa tu. Ni dakika chache, lakini zilinishika kuliko bomu la Jackson: niliacha kufyatua ili nisome.

Shida ni kinachofuata. Hadithi tano fupi, na mashujaa wanarudi. Yule Muitaliano mwenye vazi la chuma anapanda mlima karibu peke yake, anafagia watu kama majani. Yale majina yameenda wapi?

Na iko kitu kinaniuma. Mchezo ulitoka Oktoba 2016. Mwezi mmoja mbele yake ilitimia miaka 100 tangu askari wa Force Publique, mababu zetu, waingie Tabora. Nyuma yao walikuwa wapagazi kwa maelfu. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Hakuna hadithi ata moja yao mule. Najua, vita yote haiwezi kuingia ndani ya mchezo mmoja. Lakini waliochagua kusimulia kwa majina wangeweza kuanza na watu ambao majina yao hayakuandikwa.

Kura yangu bado ni Battlefield, juu ya ule utangulizi tu. Na kama kwenu iko jina la babu aliyefika Tabora, muliandike hapa.