Kuyaachia Mafunjo Kazi

Fundi wa kurudisha kinamasi hana jengo la kukuonyesha. Muulize kazi yake iko wapi, atakuelekeza kwenye mtaro uliozibwa, nawe utaona nyasi tu.

Kinamasi cha Rugezi kiko kaskazini mwa Rwanda, kwenye bonde la zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji yake humiminika Ziwa Burera, hushuka kwenye mtambo wa umeme wa Ntaruka, uliojengwa 1959, kisha huingia Ziwa Ruhondo na kuzungusha mtambo wa Mukungwa. Mkulima aliyechimba mtaro apate shamba alikuwa, bila kujua, akigusa taa za Kigali. Kufikia 2004 Ziwa Burera lilikuwa limepungua, Ntaruka imelegea, serikali inakodi jenereta za dizeli. Ukame ulichangia, na mtambo wenyewe ulikuwa umekamuliwa mno. Ila kinamasi kilichokaushwa hakikuwa na akiba ya kuokoa jahazi.

Mwenye pupa angejenga bwawa. Fundi huanza na mitaro, maji yasikimbie. Chini ya mafunjo kuna tabaka nene la mimea iliyokufa ambayo haikuoza kwa kukosa hewa. Hilo ndilo ghala. Hunywa mvua ya masika, likaiachia kidogo kidogo kiangazi. Likikauka sana huoza na kusinyaa, na hata ukilirudishia maji halinywi tena kama zamani. Kwa hiyo tarehe ya kuziba ni muhimu kuliko unadhifu wa kizibo.

Ninachokistahi zaidi kiko mlimani. Udongo ukiporomoka, kinamasi hujaa tope, kwa hiyo tiba yake huanzia kwenye miteremko: matuta ya ngazi, miti kati ya mashamba, mianzi, na mabingobingo kwenye kingo. Mabingobingo hukatwa kulisha ng'ombe, mashina yakabaki yameshika udongo. Ulinzi unaolipa mshahara wake wenyewe. Waliolima ndani ya kinamasi walitolewa, na katika nchi ya mashamba madogo hilo si jambo dogo. Sijui ufundi gani mwingine unaodai mtu aache shamba lake ili jirani wa mbali awashe taa.

Ntaruka ilirudi kuzalisha umeme. Anayetaka kuipima kazi hii asije masika, maana masika kila bonde lina maji. Aje Agosti, aangalie kina cha Burera.