Mteja wa siri anaandika wapi?

Anayemtuma mgahawani mteja wa siri, yaani mtu anayejifanya mteja wa kawaida ili kupima huduma, hataki kuambiwa tu kwamba chakula kilikuwa kitamu. Anataka kujua mhudumu alifika mezani baada ya dakika ngapi, alitamka maneno gani, sahani ilikuja saa ngapi, chenji ilirudi kamili au la. Mambo kama hayo hayakai kichwani hadi jioni. Lakini katika migahawa ya Mabatini, Mwanza, ukitoa daftari na kalamu, mwenye mgahawa atadhani wewe ni bwana afya au mtu wa mamlaka ya mapato, TRA. Kuanzia hapo utahudumiwa kama ofisa, na ulichokwenda kukipima kimeshapotea.

Ruth Reichl, aliyekuwa mhakiki wa migahawa wa The New York Times kuanzia 1993 hadi 1999, alivaa mawigi kwa sababu wenye migahawa walimjua sura. Mabatini sura haina tatizo. Kinachomfichua mtu ni kule kuandika kwenyewe.

Simu inasaidia, ila wengi huitumia vibaya: wanainama na kuandika aya nzima, na wakati huo huo mhudumu anapita, meza ya jirani inafutwa, wao hawaoni. Njia bora ni kumtumia mwenzako ujumbe mfupi wa WhatsApp: “nimefika”, “naagiza”, “kimekuja”. Saa inajiandika yenyewe pembeni ya kila ujumbe, na anayekutazama anaona mtu anayechati tu. Ukilipa kwa lipa namba, ujumbe wa uthibitisho unakupa kiasi, saa na jina la biashara, nawe hujaandika hata herufi moja.

Maneno ya mhudumu yanahitaji uangalifu zaidi, maana ndiyo yanayopotea upesi kuliko yote. Yaandikwe yalivyotamkwa: “Sato wameisha, labda sangara.” Ukiandika “hakuwa mchangamfu”, umeandika hukumu yako, na anayesoma ripoti hana namna ya kuipima. Ladha inaweza kusubiri. Ulimi unaikumbuka vizuri hata saa nzima baadaye.

Kuna ugumu mmoja ambao miongozo iliyotungwa kwa watu wa uma na kisu haiugusi. Ugali na samaki huliwa kwa mkono. Ukishamega tonge la kwanza, mkono wa kulia una mchuzi na miiba, na kuchezea simu kwa mkono wa kushoto katikati ya mlo kunavuta macho. Kwa hiyo kipindi chote cha kula ni kipindi cha kukumbuka. Ninachokiamini ni kubeba mambo matatu tu, kwa mpangilio uleule kila mara: nani alipita, aliuliza nini, kitu gani kiliombwa kikachelewa. Ukinyanyuka kunawa, unapata pia sababu halali ya kutupia jicho jikoni. Mikono ikikauka, simu inatoka na yale matatu yanaandikwa kabla ya kuomba bili.

Watafiti wa afya wameifanya kazi hii kwa nidhamu ambayo wenye migahawa wangefaa kuiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipeleka wateja bandia kwenye maduka ya dawa zaidi ya 1,000 ya Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro kuona kama antibiotiki zinauzwa bila cheti cha daktari. Maduka mengi yaliuza. Katika tafiti za aina hiyo kanuni ni kwamba dukani hakiandikwi kitu, na fomu hujazwa mara tu mtu anapotoka, akiwa ameshafika mahali asipoonekana.

Mgahawani, tofauti na dukani, mtu anakaa muda mrefu, ndiyo maana zile jumbe za njiani ni za lazima. Hata hivyo fomu ijazwe kabla ya kupanda daladala. Jina la mhudumu nisingeliweka. Mshahara wake ni mdogo na ripoti inaweza kumfukuzisha kazi kwa kosa la jiko lenye mpishi mmoja. Andika saa aliyopokea oda na saa aliyopewa sahani dirishani. Mwenye mgahawa ataona mwenyewe ucheleweshaji ulikuwa upande gani.