Mkono wa Mpima Kolinesterasi

Kimeng'enya hakionekani kwa macho. Kinachoonekana ni kazi yake, na mtaalamu wa maabara anayepima kimeng'enya cha kolinesterasi katika damu huisubiri kazi hiyo ijitokeze kwa rangi ya njano.

Njia hiyo ilichapishwa na George Ellman na wenzake wa Marekani mwaka 1961. Mwilini, kolinesterasi hukata asetilikolini, kemikali ambayo neva hupelekeana habari kwayo, na ambayo ubongo huihitaji ili mtu awe makini. Ellman alikitegea kimeng'enya chambo: kemikali inayofanana na hiyo, ila ina salfa. Ikikatwa, kipande chenye salfa hukutana na dawa iliyomo kwenye mchanganyiko, njano ikatokea. Mashine huisoma kwa mwanga wa nanomita 412, na kasi ya kukolea kwake ndiyo kipimo.

Ugumu uko kwenye damu yenyewe. Hemoglobini nayo hunyonya mwanga wa karibu kabisa na huo, ikaifunika njano. Basi mpimaji huizimua damu sana, au husogea hadi nanomita 436, aridhike na njano hafifu lakini safi. Uamuzi huo mdogo naustahi kuliko mashine yoyote ya bei kubwa. Joto nalo halichezewi: likipanda kidogo, kasi hupanda. Tena vimeng'enya ni viwili. Kimoja kimeshikamana na utando wa chembe nyekundu. Kingine hutengenezwa na ini na kuzunguka ndani ya plazima, kwa hiyo kikipungua, huenda shida ni ini tu, ubongo haumo.

Kipimo hiki kinafuatiliwa pia katika wodi ya kiharusi. Takriban robo ya wagonjwa wa kiharusi huvurugikiwa akili ghafla: asubuhi mgonjwa anamtambua mwanawe, usiku anamuuliza ni nani. Watafiti wanataka kujua kama kolinesterasi ya damu inaweza kuashiria nani yuko hatarini. Jibu linamhitaji pia muuguzi. Humwomba mgonjwa ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Aliyepoteza usemi lakini bado anaelewa, humtajia herufi polepole, aminye mkono wa muuguzi kila asikiapo A, kwa mkono wake ambao haujapooza. Anayepiga kelele huonekana na wodi nzima. Muuguzi hodari humwendea aliyenyamaza ghafla. Kisha huandika saa, kwenye faili na kwenye chupa ya damu, maana hali hiyo huja na kuondoka siku hiyo hiyo.