Mistari Midogo Chini ya Tangazo

Yuko fundi mmoja Arusha, ofisi yake iko ghorofani si mbali na Mnara wa Saa, kazi yake kuyaandikia makampuni ya utalii matangazo ya Google. Nilipita kwake kwa shughuli nyingine kabisa, nikajikuta nimekaa mpaka chai ikapoa, namtazama akihangaika na mstari mmoja usioruhusiwa kuzidi herufi 25. Kwa miaka mingi alikuwa akiongoza wageni Kilimanjaro, mpaka goti lilipomshinda. Siku hizi anawapandisha kwa kibodi.

Mstari wenyewe haukuwa kichwa cha tangazo. Ulikuwa mojawapo ya zile nyongeza zinazokaa chini yake: viungo vya kwenda kurasa nyingine za tovuti, vijisentensi vya sifa, namba ya simu, bei, anwani. Tukitafuta jambo mtandaoni wengi wetu tunazipitia juujuu tu. Kwake yeye ndipo kazi inapoanzia. "Kichwa kila mtu anaandika kilekile, mzee wangu," aliniambia. "Tafuta neno safari uone. Wote bora, wote nafuu, wote wazawa. Mgeni atanijua huku chini."

Na huku chini alikuwa na mengi. Kila njia ya Kilimanjaro ilikuwa na kiungo chake, na kila kiungo mistari miwili ya maelezo, herufi 35 kila mmoja. Chini ya Marangu aliandika tu kwamba utalala bandani, si hemani. Basi. Lakini kuna mtu huko Ujerumani, umri umesogea, anakitamani kilele ila hema linamtisha, wala hajui kwamba ipo njia yenye vitanda. Mstari ule umemtafuta yeye. Rongai inaanzia kaskazini, upande wa mpaka wa Kenya, ambako mvua ni haba. Masika yakikaribia, kiungo chake kilivishwa maneno mapya kuhusu upande mkavu wa mlima. Lemosho ilitaja siku 8, maana anayeharakishwa kilele humrudisha kichwa kikimuuma.

Mstari uliokuwa ukimtoa jasho siku ile ulihusu wapagazi. Alitaka kusema kwamba kampuni yenye tangazo hilo inawalipa kwa viwango vya KPAP, lile shirika la Moshi linalotetea haki zao, na kwamba mzigo haupiti kilo 20. Yote hayo hayaingii katika herufi 25. Akaandika, akafuta, akahesabu kwa ncha ya kalamu juu ya kioo, akafuta tena. Kilo akazitoa, akisema hizo zitapimwa getini hata asipozitaja. Akabakisha malipo na jina la KPAP, kwa Kiingereza kilichonyooka, na nafasi ikatosha. Kisha akanigeukia akasema hatauweka kwenye tangazo la kampuni nyingine anayoiandikia, kwa sababu haujui ukweli wake huko. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Nimewafahamu waandishi wa vitabu ambao hawajawahi kufuta sentensi kwa sababu kama hiyo. Na usidharau ufupi wa mstari: jina la kanga nalo ni maneno machache tu karibu na pindo la nguo, lakini waulize wanaozinunua wanachokisoma kwanza.

Namba ya simu ilikuwa na adabu zake. Sheria za Google haziruhusu kuichomeka katikati ya maneno ya tangazo. Ina nyongeza yake, na nyongeza hiyo unaipangia saa za kuonekana. New York ikiwa saa 2 usiku, watu wamemaliza kula na wanaota likizo, Arusha ni saa 9 usiku, au saa 10 kama kwao ni majira ya baridi. Saa hizo ofisini hayupo mtu, basi namba alikuwa akiiondoa. "Kumwita mtu halafu usimwitikie ni dharau," alisema.

Matangazo haya yalizaliwa yakiwa na ufinyu mkubwa. Google walipoanza kuyauza kwa utaratibu wao wa AdWords, Oktoba 2000, ulipewa kichwa cha herufi 25 na mistari miwili ya herufi 35, ukamaliza. Viungo vya ziada vilikuja mwaka 2009. Oktoba 2013 nyongeza zikaingizwa kwenye hesabu ya nani akae juu ya nani, na hapo kampuni ndogo yenye maneno mazuri ilipata upenyo wa kumkaribia mwenye fedha nyingi. Kuziweka hulipii, na mgeni akibofya kiungo cha chini, gharama ni ileile ya kubofya kichwa. Sijui fani nyingi ambazo umakini peke yake unahesabiwa kuwa mtaji.

Umakini huo ndio unaotoweka. Tangu katikati ya mwaka 2022 tangazo la kupanga mwenyewe neno kwa neno haliandikwi tena. Unautupia mfumo vichwa hadi 15 na maelezo hadi 4, nao unachanganya upendavyo. Nyongeza nazo mashine inaweza kujitungia kutoka kwenye tovuti yako, usipokwenda kuizuia mwenyewe ndani kabisa ya mipangilio. Silaumu mashine, inaokota ilichokikuta. Nawalaumu waliokabidhiwa kalamu wakaitupa.

Fundi huyu alikuwa akibadilisha viungo vya Serengeti kadiri nyumbu wanavyohama. Kuanzia Januari hadi Machi maneno yake yalielekea Ndutu, ambako wanazaa. Kuanzia Julai yakapanda Kogatende, kwenye mto Mara. Kila kiungo aliwekea tarehe ya kuanza na ya kukoma. Sasa tafuta mwenyewe mwezi Februari uone viungo vinavyokuahidi nyumbu wakivuka mto, vimeachwa hapo tangu mwaka juzi. Mgeni anaamini, analipa, anashuka uwanja wa ndege wa KIA na darubini mpya shingoni. Aliyeandika hayupo. Anayebaki kueleza ni dereva, ndani ya Land Cruiser, siku nzima, huku akijua bahasha ya bakshishi inazidi kuwa nyepesi.

Mfumo unalipatia kila tangazo daraja, kutoka hafifu hadi bora kabisa, kwa kutazama wingi wa maneno na jinsi yanavyotofautiana. Google wenyewe wanasema daraja hilo halitumiki moja kwa moja kwenye mnada. Lakini ndilo linalochapishwa kwenye ripoti ya mwezi na kupelekwa kwa tajiri, naye anafurahi. Kama vibanda vya Marangu vimetajwa, au kama wapagazi kweli wamelipwa, daraja halina mahali pa kuuliza. Tajiri mmoja alimwuliza fundi wetu kwa nini amlipe mtu kwa kazi ambayo kompyuta inaifanya bure. Hakubishana naye. Alimkabidhi akaunti pamoja na orodha ya tarehe za kubadilisha viungo, ameiandika kwa mkono, mwezi kwa mwezi. Wateja waliobaki kwake wengi ni wenye kampuni ndogo waliowahi kubeba mizigo mlimani wenyewe, na hao humpigia simu kuulizia mstari mmoja tu.